Kuunga Chuma: Kutoka Tanuru ya Wazee Mpaka Sudire ya Leo

Watu wengi wa kwetu, hata wale waliosoma, wanafikiri kwamba kazi ya kuunga chuma ililetwa na Wazungu pamoja na magari na mashine za kusaga. Mutoto akipita karibu na atelie ya sudire kule Sake, Masisi ao Walikale, akiona ule mwanga mweupe unaoumiza macho, anasema: hiyo ni akili ya Wazungu. Ni kweli nusu. Mashine na bageti vilitoka Ulaya, hatuwezi kukana. Lakini kazi yenyewe, maana yake kutwaa vipande viwili vya chuma na kuvifanya kimoja kwa njia ya moto, ilijulikana katika inchi za Maziwa Makubwa miaka mingi sana mbele ya Muzungu wa kwanza kufika.

Katika maandiko haya nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba muhunzi wa zamani na mufundi wa sudire wa leo ni watu wa ukoo mumoja wa kazi. La pili ni kwamba sheria za kazi hiyo hazikubadilika: moto wa kutosha, usafi, kujua chuma unachoshika, na uvumilivu. Anayezisahau, kazi yake itavunjika. Na siku hizi kazi ikivunjika si jembe tu linaloharibika. Ni kiti cha shule, ni mukono wa pikipiki iliyobeba mama na mutoto, ni chuma cha daraja juu ya muto uliojaa.

Mavi ya chuma yanasema

Historia ya chuma kwetu haikuandikwa katika vitabu na wale walioifanya. Iliandikwa katika udongo. Fasi yoyote ambapo watu waliyeyusha mawe ya chuma, waliacha nyuma yale mabaki meusi, mazito, yenye kung'aa kama kioo kilichovunjika. Kiswahili kinayaita mavi ya chuma, na jina hilo linafaa sana: ni kile chuma kimetupa kusudi kipate kuwa safi. Katika inchi yetu ya volkano inaomba kuangalia vizuri, kwa sababu jiwe la lava lenye matundu linaweza kudanganya macho. Kwa kawaida mavi ya chuma ni mazito zaidi, na mara nyingi yanaonyesha alama za kitu kilichotiririka kama uji mbele ya kuganda.

Watafiti walianza kuyasoma maandiko hayo ya udongo wakati wa ukoloni. Mwaka 1948, Leakey, mukewe na Owen walieleza vyungu vya zamani vya upande wa magharibi wa Kenya, vyenye kashimo kadogo chini ya kitako. Baadaye aina hiyo ya vyungu iliitwa Urewe, kwa jina la fasi moja ya kule. Mwaka 1957 na 1960, Jean Hiernaux na Emma Maquet walitoa vitabu viwili juu ya wakati wa chuma katika Ruanda-Urundi na Kivu. Walionyesha kwamba vyungu vya namna ile vinapatikana pia kwetu, pamoja na mabaki ya tanuru. Bishange, upande wa magharibi wa ziwa Kivu, ni moja ya fasi hizo. Tanuru hizo zilijengwa kwa vipande vya udongo vilivyotiwa mapambo kwa vidole ao kwa kijiti. Zile za Ndora na Cyamakuza katika Rwanda zilipimwa umri, ikaonekana ni za karne ya tatu hivi kisha kuzaliwa kwa Yesu. Kule Buhaya, katika Tanzania ya leo, kazi ya chuma ina zaidi ya miaka 2,000.

Hapa inaomba kusema neno moja kwa nguvu. Vyungu na mavi ya chuma havina kitambulisho. Havisemi kama aliyevifanya alikuwa Muhunde, Munyanga, Mukumu, Mutembo, Muhutu ao Mututsi, kwa sababu katika miaka ile majina hayo hayakuwa bado kama tunavyoyajua leo. Katika Masisi yetu, ambapo damu nyingi imemwagika juu ya swali la nani alifika wa kwanza, mutu asiokote mavi ya chuma akayafanya kuwa jiwe la kutupia jirani. Yanatufundisha tu kwamba kwenye milima hii kulikuwa watu wenye akili na mikono, na sisi wote tumerizi kazi yao.

Tanuru na sudire ya kwanza

Kuyeyusha chuma kwa namna ya zamani kuliomba vitu vitatu: mawe yenye chuma, makaa ya miti migumu, na upepo wa mivukuto. Makaa yalifanya kazi mbili kwa mara moja. Kwanza yalitoa moto. Pili, hewa yenye kutoka katika makaa ilinyang'anya mawe ile oksijeni iliyofunga chuma, kusudi chuma kibaki peke yake. Chuma kinayeyuka kabisa kwa digrii 1,538. Katika tanuru ya udongo kwa kawaida hakikufika kuwa maji. Takataka za mawe ndizo ziliyeyuka na kushuka chini, na chuma kikabaki kama bonge lenye matundu, mufano wa sifongo, likiwa bado na uchafu ndani.

Basi, bonge hilo halikuwa jembe. Muhunzi alilirudisha katika moto, akaliweka juu ya jiwe kubwa ao fuawe, akalipiga. Kila pigo lilikamua uchafu na kukutanisha matundu ya ndani, ukuta wa chuma ukishikana na ukuta wa chuma. Alikunja, akapiga, akarudisha katika moto, akapiga tena. Kama bonge moja halikutosha, alichukua mengine madogo na kuyaunga pamoja. Tazama vizuri: hiyo ni sudire. Haina bageti wala umeme, lakini ni vipande viwili vinavyokuwa kimoja. Si ajabu kwamba Kiswahili kinatumia neno moja, kufua, kwa nguo na kwa chuma. Yote mawili ni kupiga ili uchafu utoke.

Ujuzi huo ulikuwa katika mikono na macho, na ndiyo sababu unaweza kupotea upesi. Mufano mukubwa uko kule Buhaya. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa sokoni, watu waliacha kuyeyusha. Mwaka 1976 mutafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee waliofanya kazi ile katika ujana wao kujenga tanuru tena. Ilikuwa imepita kama miaka 50. Wazee walikumbuka sehemu, wakasahau sehemu, na majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Walirekebisha pole pole, mwishowe wakapata chuma. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika juu ya kazi hiyo katika jarida kubwa la sayansi la Marekani, na wataalamu wakashangaa kuona ufundi uliofichwa katika tanuru zile. Kama wangechelewa miaka kumi, nani angekuwa bado na kumbukumbu ile?

Muhunzi katika mila

Mutu mwenye kugeuza jiwe kuwa jembe hakuweza kuwa mutu wa kawaida machoni pa wenzake. Katika inchi nyingi za Maziwa Makubwa, wenye kuyeyusha chuma walifuata miiko: kutolala na mwanamuke wakati wa kazi, kukataza watu fulani kukaribia tanuru, kuweka dawa chini yake. Walifananisha tanuru na mwili wa mwanamuke anayezaa. Nyundo ya muhunzi ilikuwa pia alama ya utawala. Katika kaburi la mufalme Cyirima Rujugira wa Rwanda, lililofunguliwa na Francis Van Noten mwaka 1969, kulipatikana nyundo za chuma pamoja na mifupa. Na kule Rwanda jembe liliingia katika mambo ya mahari, kwa sababu lilikuwa mali na tena uhai wa nyumba.

Banyanga wa Walikale wana ushuhuda wao, tena mukubwa. Ni hadithi ya Mwindo, aina ya utenzi wanaouita karisi. Mwaka 1956 muzee Candi Rureke aliusimulia na kuuimba siku kadhaa mbele ya Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ukatoka katika kitabu kwa kazi ya Biebuyck na mutaalamu wetu wa lugha, Kahombo Mateene. Ndani yake Mwindo, mutoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, anakwenda kwa wajomba zake kabla ya kurudi kupigana. Wajomba hao ni popo, na kazi yao ni uhunzi. Wanamufua Mwindo mwenyewe: wanamuvika viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati la chuma na kofia ya chuma.

Kwetu mjomba ni mutu wa heshima na wa msaada, na mila inamuweka muhunzi katika fasi hiyo. Lakini hadithi haiishii pale. Baadaye Mwindo anaua zimwi lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamupandisha juu mbinguni, na kule shujaa anateswa na baridi, mvua na jua mpaka kiburi kinamutoka. Mafundisho ni wazi: chuma kinasaidia mutu, lakini hakimufanyi kuwa Mungu. Nawaambia wanafunzi kwamba mufundi wa sudire wa leo, anayeshika radi ndogo mukononi, afazali asome hadithi hiyo mbele ya kuvaa maski.

Sheria ya nyundo

Muhunzi akitaka kuunga vipande viwili, anaangalia rangi. Chuma chekundu kinaweza kupindwa, lakini hakiungani. Kikifika njano yenye kuelekea nyeupe, karibu digrii 1,200 mpaka 1,300, kinakuwa laini na ngozi yake kama imelowa. Hapo inaomba kupiga bila kuchelewa. Kikipita pale, kinaanza kurusha cheche na kuungua, na chuma kilichoungua hakina dawa.

Adui mukubwa ni ile ngozi nyeusi inayozaliwa chuma cha moto kikikutana na hewa. Ikibaki kati ya vipande viwili, vitaonekana vimeshikana, kumbe vimelala tu kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana wahunzi wa inchi nyingi walinyunyiza muchanga laini juu ya fasi ya kuunga. Muchanga unachanganyika na ile ngozi, unakuwa kama kioo cha maji, na nyundo ikipiga unaruka inje pamoja na uchafu wote.

Basi, mutu atwae bageti ya sudire aitazame. Ndani kuna waya wa chuma, na inje kuna ngozi ya unga mugumu. Unga huo unafanya kazi ya ule muchanga: unayeyuka, unasafisha, unafunika chuma cha moto kusudi hewa isikiharibu. Kisha unaganda juu kama ganda jeusi, na mufundi analigonga kwa nyundo ndogo mpaka litoke. Ganda hilo ni nini? Ni mavi ya chuma, yale yale ya Bishange.

Moto mupya

Moto wa kisasa ulizaliwa Ulaya kwa hatua chache. Mwaka 1885 Nikolai Benardos wa Urusi, pamoja na Stanisław Olszewski, alipata hati ya kuunga chuma kwa mwanga wa umeme unaotoka katika kijiti cha kaboni. Mwaka 1888 Nikolai Slavyanov alitumia kijiti cha chuma chenyewe, ambacho kinayeyuka na kujaza fasi ya kuunga. Mwaka 1903 Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walitengeneza shalimo, ile bomba ya kuchanganya oksijeni na gazi ya asetileni. Mwaka 1907 Oscar Kjellberg wa Uswidi alipata hati ya bageti yenye ngozi. Basi sudire ya umeme tunayoiona Masisi ina umri wa mababu zetu tu.

Kwetu moto huo ulifika kwa njia ya makampuni ya madini, mashamba makubwa ya wakoloni, misioni na garaje. Vijana waliingia kama wasaidizi, wakabeba makopo ya karbidi, wakatazama, mwishowe wakashika maski. Kampuni ya SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kwa kukusanya makampuni ya madini ya Kivu na Maniema. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, ilianza kudhoofika, na kazi nyingi zikafungwa. Mutu aliyejifunza kazi kwa kampuni alibaki na mikono yake, akafungua atelie yake kando ya barabara. Lakini muhunzi wa kijiji hakufa mara moja. Mpaka leo kuna wenye kutwaa rezori ya gari la zamani na kuifanya mupanga ao jembe.

Namna mbili ndizo zinajulikana zaidi kwetu. Ya kwanza ni shalimo. Moto wake unafika digrii 3,100 hivi, unafaa kwa tole nyembamba, kwa kukata, na kwa kuunga na shaba. Ubaya wake ni hatari ya chupa za gazi na shida ya kuzipata. Ya pili ni posti ya umeme. Inashusha nguvu ya umeme wa 220 volti mpaka volti 20 ao 30 wakati wa kuunga, lakini inaongeza sana wingi wake, yaani ampere. Kwa bageti ya milimita 2.5, ampere 70 mpaka 90 zinatosha. Kwa ile ya 3.2, ni 100 mpaka 130. Mwanga wake unapita digrii 5,000. Fasi ambapo umeme wa muji haufiki, inaomba gurupe yenye nguvu. Gurupe ndogo ya kuwasha taa itachoka, na kazi itakuwa mbaya kabla haijaanza.

Chuma si kimoja

Mwanafunzi anayeanza anafikiri chuma ni chuma. Muhunzi wa zamani angemucheka. Tofauti kubwa ni kaboni, ile inayotoka katika makaa. Chuma laini cha mirija, cha tole na cha milango kina kaboni kidogo, chini ya 0.25 kwa mia, na kinaungana vizuri. Rezori za gari zina zaidi ya 0.5 kwa mia. Ni ngumu, zinafaa kwa mupanga, lakini ukiziunga bila kuzipasha moto mbele, zinapasuka karibu na sudire. Fonte, kama ile ya moteri nyingi za zamani, ina kaboni zaidi ya 2 kwa mia, na inavunjika kama chungu. Inaomba bageti zake za nikeli na kupoa pole pole sana. Alumini haitaki kabisa bageti ya chuma.

Tole zilizopakwa zinki, kama za mabati ya nyumba, ziko na hatari nyingine. Zinki inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anashikwa usiku na homa na kutetemeka kama malaria. Inaomba kukwangua zinki kwanza na kufanya kazi fasi yenye upepo. Na pipa la petroli ao la mafuta ya gari lisiungwe hata siku moja kabla ya kuoshwa vizuri na kujazwa maji mpaka karibu na fasi ya kuunga. Harufu iliyobaki ndani inatosha kulipasua kama bomu.

Magonjwa ya sudire

Kama mwili, sudire ina magonjwa yake, na kila ugonjwa una chanzo chake. Nataja yale yanayoonekana sana.

Wa kwanza ni vitundu, mufano wa mukate uliochacha. Vinatoka katika kutu, rangi, mafuta ao maji. Katika pori la Walikale, ambapo mvua haiachi, bageti zinakunywa maji ya hewa. Bageti za kawaida zinaweza kukaushwa karibu na makaa. Zile za kazi nzito zinaomba tanuru ya kweli yenye digrii 300 na zaidi.

Wa pili ni mavi ya chuma kubaki ndani. Mufundi anapitisha mustari wa kwanza, hagongi ganda, anapitisha wa pili juu yake. Uchafu umezikwa, na siku moja utatoka pamoja na mukono wa mashine.

Wa tatu ndio mubaya zaidi, kwa sababu unajificha: kutoshikana. Ampere ni kidogo, mukono unakimbia, ao chuma ni kinene na hakikukatwa pembe kusudi moto uingie. Juu ni kuzuri, kunang'aa, lakini sudire imelala juu ya chuma kama bugali juu ya sahani. Wenye kununua wanaona uzuri wa inje, wanalipa.

Wa ine ni kukata pembeni. Ampere ni nyingi sana, chuma cha kando kinaliwa na kubaki na mufereji, na ndipo kitavunjika.

Wa tano ni ufa. Unakuja kwa chuma chenye kaboni nyingi, ao kwa kupoa haraka. Kumwanga maji juu ya sudire kusudi muteja asingoje ni njia fupi ya kuita ufa.

Wa sita ni kupindika. Chuma cha moto kinapanuka, kikipoa kinajivuta, na mulango unakataa kufunga. Dawa yake ni kushika vipande kwa nukta ndogo ndogo pande zote mbele ya kumaliza mustari.

Kuna namna rahisi za kujua ukweli. Kwa tanki, paka chokaa upande mumoja, upande wa pili paka petroli ya taa, ungoje. Petroli ikipita, chokaa italowa na kuonyesha tundu. Kwa mwanafunzi, unga vipande viwili kwa mufano, vifunge katika jiliwa, vipige kwa nyundo mpaka vivunjike. Tazama ndani. Sudire iliyovunjika inasema kweli kuliko sudire iliyopakwa rangi. Hata muhunzi hakuamini jembe mpaka amelipiga juu ya jiwe na kusikiliza sauti yake.

Bati ya Walikale

Kuunga kuna ndugu mudogo: kulehemu. Hapo vipande vyenyewe haviyeyuki. Mufundi anayeyusha kati yao madini laini yanayovishika, na madini makubwa ya kazi hiyo ni bati, inayoyeyuka kwa digrii 232 tu. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inatumika kwa kulehemu, hasa ndani ya simu, redio na kompyuta. Tangu mwaka 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vyombo hivyo, na fasi yake ikachukuliwa na bati zaidi.

Bati hiyo inatoka wapi? Kwa sehemu, inatoka Walikale. Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa na watu kwa mikono kama mwaka 2002, na mizigo ilibebwa migongoni kupita pori. Vikundi vya silaha na askari walikula jasho lile miaka mingi. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kuitoa kwa mashine, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Mwezi wa tatu 2025, vita vilipokaribia, kazi ilisimamishwa. Mwezi wa ine ikaanza tena. Madini yanaondoka yakiwa bado muchanga mweusi, yanayeyushwa inje ya inchi.

Tuangalie maajabu hayo. Teritwari ambayo hadithi yake inasimulia wahunzi wanaomuvika shujaa chuma, leo inatoa bati inayounga simu za dunia nzima, na haiyeyushi hata kilo moja kwa faida ya vijana wake. Jiwe ni letu, moto ni wa wengine. Wazee wa Bishange walikuwa na vyote viwili.

Tufanye nini

Sisemi turudi kujenga tanuru za udongo. Nasema kazi hii ina mizizi, na muti wenye mizizi unavumilia upepo. Vita imefunga shule, imetawanya vijiji, imewafanya wazee wengi kufa katika kambi mbali na fuawe zao. Kila muzee muhunzi anayekufa bila kuulizwa anakwenda na kitabu.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji mambo matatu. Wenye kuwa na muzee aliyefanya kazi ya chuma wamukalie karibu, waandike majina ya vyombo katika lugha yake, miiko, na fasi ambapo tanuru zilikuwa. Kama mutu anaona mavi ya chuma shambani, asiyatupe wala asiyapeleke kujenga, bali aandike fasi hiyo. Na wanaofundisha ufundi waingize historia hii katika somo lao, kusudi kijana anayeshika bageti ajue kwamba hakukopa akili ya mutu.

Kijana huyo pia inaomba ajue deni lake. Muhunzi wa zamani aliishi kijiji kimoja na wale walionunua jembe lake. Likivunjika, walijua nyumba yake. Mufundi wa leo anaunga kitu, kinapakiwa katika gari, kinakwenda Pinga ao Kibua, na hatamuona aliyeketi juu yake. Basi ajiulize swali lile lile la zamani mbele ya kupaka rangi: je, mavi ya chuma yametoka yote?